UCHU WA CHAKULA: WATOKA WAPI, NA TUUPE NINI



Kila ufikapo mchumo, sisi tunaoandika karatasi hii hupita mashambani kutazama kazi, na kila mwaka twakuta jambo moja ambalo hatujapata kuliandika. Asubuhi, kabla jua halijapanda, wachumaji hukusanyika chini ya mkarafuu, birika limo motoni, na chai yanywewa. Ni chai tamu kama asali. Pamoja nayo huliwa andazi moja au mawili, na kazi ya kifungua kinywa imekwisha. Mtu achukua ngoe yake na pakacha lake, akwea. Saa nne haijafika, huyo ashuka, mikono yamtetemeka, naye hataki muhogo wala ndizi. Ataka chai nyingine, na sukari izidishwe.

Mwaka mmoja kijana wa shamba la jirani yetu hakuwahi kushuka kwa miguu yake. Alishikwa na kisunzi akiwa juu, akaachia tawi. Mungu alimnusuru, maana tawi la chini lilimpokea kabla ya ardhi. Lakini mkono ulivunjika, na mchumo kwake ukawa umekwisha siku ya tatu. Tulipokwenda kumtazama tukamwuliza asubuhi ile alikula nini. Akajibu, "Nilikunywa chai, mzee. Vikombe vitatu." Hatusemi kwamba chai ndiyo iliyomwangusha, kwa kuwa usiku ule mvua ilinyesha na matawi yalikuwa na utelezi. Walakini jawabu lile halikututoka kichwani, na ndilo lililotufanya tuulizeulize waganga na kusoma habari za uchu, tupate kuwaeleza wanachama yale tuliyoyafahamu.

Kwanza tutenganishe njaa na uchu. Njaa haichagui. Mwenye njaa ukimpa muhogo wa kuchemsha atakula, ukimpa wali atakula, na akishiba amenyamaza. Uchu huchagua. Mwenye uchu wa kitu kitamu hata akiwa ameshiba wali na mchuzi, jicho lake laitafuta halua. Mtu akitaka kujijua yuko upande gani, na ajiulize kama angekubali jimbi lililochemshwa bila kitu. Akikubali, hiyo ni njaa, na ale. Akikataa, basi huo ni uchu, na uchu una mambo yake.

Watu husema mwili wajua unachokitaka, na kwamba ukitamani kitu ni kwa sababu umekipungukiwa. Maneno haya ni kweli mara chache tu, na mojawapo ya mara hizo yatuhusu sana sisi watu wa visiwani, tutaifikia mbele. Aghalabu uchu hautoki katika upungufu wo wote, bali katika mazoea. Mrusi mmoja, Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya uyeyushaji wa chakula, aliwaonyesha watu kwamba mbwa aliyezoea kusikia mlio fulani kabla ya kupewa chakula hutokwa na mate asikiapo mlio ule, hata kama chakula hakipo. Sisi hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Muuza kahawa agongapo vikombe vyake barazani, nani asiyemeza mate? Saa ya chai ikifika, harufu ya maandazi ikipita, mwili wajitayarisha kupokea, na matayarisho yale ndiyo tuyaitayo uchu. Ndiyo maana uchu huja saa ile ile na mahali pale pale, na mtu akisafiri kwenda pengine huenda akausahau kabisa.

Jambo la pili ni sukari yenyewe. Chai tamu na andazi la unga mweupe huyeyuka upesi, na sukari katika damu hupanda ghafula. Mwili hutoa insulini ya kuishusha, nayo hushuka. Na kwa baadhi ya watu hushuka hata chini ya pale ilipokuwa mwanzo. Hapo ndipo mtu ahisipo ulegevu na kutaka tamu tena. Akiipata, mambo yarudia vile vile. Kumbe aliyekula muhogo na dagaa, au uji wa mtama na karanga, chakula chake hukaa tumboni muda mrefu na kutoa nguvu zake kidogo kidogo, naye huweza kukaa juu ya mti mpaka adhuhuri bila ya kutazama chini kutafuta birika.

Na la tatu ni usingizi, ambalo wengi hatulifikiri. Wakati wa mchumo watu huchambua karafuu mpaka usiku wa manane, na alfajiri wamekwisha amka. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, walitoa habari za vijana 12 wenye afya njema waliolazwa saa nne tu kwa usiku kwa siku mbili. Homoni inayoita njaa ilipanda, ile inayoleta shibe ikapungua, na vijana wale wakasema hamu yao imezidi, hasa ya vitu vitamu, vya chumvi na vya wanga. Basi mchambuaji anayeamka na uchu wa visheti asijilaumu kwamba hana subira. Nusu ya uchu ule ni usingizi aliouacha majanini.

Sasa tuhesabu, kwa kuwa wanachama wetu ni watu wa mizani na hesabu hawaiogopi. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri kwamba sukari tunayoiongeza katika vyakula na vinywaji isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu zote za chakula cha siku. Kwa mtu mzima wa kadiri hiyo ni kama gramu 50. Na likasema ikiwa nusu ya hapo ni bora zaidi. Kijiko cha chai chachukua kama gramu 4. Mchumaji anywaye vikombe vinne kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, amekula vijiko 12, yaani gramu 48. Amekwisha fika ukingoni, wala hajagusa andazi, wala kashata. Jioni akipokea malipo yake na kununua chupa moja ya soda ya mililita 350, huongeza gramu 35 au zaidi, kwa soda nyingi. Twasema haya bila ya kumcheka mtu, maana katika ofisi yetu siku ya mzani hesabu si nzuri kuliko hiyo.

Dawa yake si kukataza. Tumeona watu wanaoapa kuacha sukari Jumamosi, na Jumanne wanakula halua kwa kijiko. Ulimi ni kama mtoto. Ukimnyang'anya atalia, ukimpunguzia kidogo kidogo hatambui. Apunguze mtu nusu kijiko kwa kikombe, akae hivyo wiki mbili, kisha apunguze nusu nyingine. Baada ya miezi miwili chai aliyoiona tamu zamani ataiona kama shira. Na hapa sisi watu wa karafuu tuna bahati ambayo wengine hawana. Viungo humfanya mtu aone utamu hata pale sukari ilipo kidogo. Mdalasini, iliki, mchaichai, tangawizi, na karafuu mbili tatu katika birika, hizo zatoka nyuma ya nyumba zetu, nasi twaziuza kwa watu wa mbali huku nyumbani twanywa maji ya sukari! Kadhalika karafuu moja kavu ikiwekwa shavuni baada ya chakula huukata mdomo, na mtu hatamani tena kuongeza. Lakini tusichanganye mambo: twasema karafuu, hatusemi mafuta ya karafuu. Mafuta hayo ni makali, na mtoto akiyanywa hata kidogo yaweza kumdhuru sana. Yawekwe juu, mbali na mikono midogo. Wala msitangaziwe na mtu kwamba karafuu huponya kisukari. Inatosha kwamba yapendeza.

Kwa kile kifungua kinywa cha shambani, twashauri kitangulie chakula, chai ifuate. Muhogo wa kuchemsha, viazi vitamu, jimbi, shelisheli la kuchoma, ndizi mbichi za kupika, vyovyote vitakavyopatikana, na pamoja navyo kipande cha samaki au dagaa au kunde. Anayetaka kitu cha kutafuna saa nne, achukue karanga za kukaanga mfukoni au chungwa. Mwenye uchu wa chumvi, anayeota bajia na chipsi, ajaribu muhogo wa kuchoma uliopakwa ndimu na pilipili. Ukali wa ndimu hufanya kazi ya chumvi, na mwenye presha hujisaidia. Na mara nyingi mtu aliyetoka jasho tangu alfajiri ana kiu, naye aidhania kuwa ni uchu. Anywe maji kwanza, au dafu, kisha angoje kidogo. Uchu una tabia ya wimbi: huinuka, hufika kileleni, hushuka wenyewe. Mtu akiwa na kazi ya mikono na ya macho, kama kuchambua makonyo, wimbi hupita upesi zaidi, maana uchu hula picha zilizomo kichwani, na kichwa hakiwezi kushika picha mbili kwa pamoja.

Tumesema yapo mahali ambapo uchu ni sauti ya upungufu wa kweli. Hapo ndipo tunapotaka wanachama, na hasa mabibi, watusikilize vizuri.

Nyote mmepata kuona mwanamke anayetafuna udongo. Wauzwa sokoni umefungwa vizuri, na wengine huuchimba wenyewe au huubandua ukutani. Wapo pia wanaokula mchele mbichi, kiganja baada ya kiganja, na siku hizi wapo wanaotafuna barafu kutwa. Mara nyingi ni mwenye mimba. Katika nyumba moja tuliyopita, mama wa nyumba alitwambia juu ya mke wa mwanawe, "Huyu akipeta mchele, robo yaingia kinywani. Nimwache, si mimba hiyo?" Na yule binti akaficha uso kwa kanga. Tulimjibu mama yule kwamba kweli mimba ina matamanio yake, lakini tamanio hili lisiachwe bila ya kuulizwa.

Jambo hili limechunguzwa hapa hapa kwetu. Bibi Sera Young, mtaalamu wa Kimarekani, alifanya kazi Pemba, na kitabu chake juu ya watu wanaokula udongo, Craving Earth, kilitoka mwaka 2011. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2010, wanawake wajawazito zaidi ya 2,000 wa Pemba waliulizwa habari hizi na kupimwa damu. Ilionekana kwamba kula mchele mbichi na wanga mwingine mbichi ni kwingi kuliko kula udongo, na kwamba ulaji wa vitu hivi ulifuatana na upungufu wa damu. Wazee wetu walilijua jambo hili kwa jina jingine. Walipomwona mtu amepauka, amevimba uso, anachoka akipanda kilima kidogo, na anakula udongo, walisema ana safura.

Kipi kilichotangulia? Wengine husema udongo ndio unaokausha damu, na upo ukweli, maana udongo wa mfinyanzi waweza kukamata madini ya chuma tumboni yasiingie mwilini. Lakini mara nyingi ni kinyume: damu imepungua kwanza, na uchu ukaja baadaye. Dalili yake ni hii, kwamba waganga wengi wameona mtu mwenye uchu wa barafu akipewa dawa ya madini ya chuma, uchu humtoka katika siku au wiki chache, hata kabla damu haijajaa. Kwa nini mwili uliopungukiwa na chuma utamani kitu kisichokuwa na chuma cha kufaa, kama barafu, hakuna aliyekwisha lifumbua fumbo hilo. Lakini uchu huo ni kama kengele ya mlango: yafaa ukafungue uone aliyeko nje.

Na aliyeko nje si mgeni mdogo. Mama mwenye damu pungufu akijifungua na akatokwa na damu nyingi, hana akiba. Mtoto aweza kuzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo. Na mchumaji asiyekuwa na damu ya kutosha, mwanamume au mwanamke, huchoka upesi na hushikwa na kisunzi, na mti wa karafuu si mahali pa kushikiwa na kisunzi.

Basi tufanye nini? Tusimcheke wala kumgombeza mtu anayekula udongo, kwa sababu ataendelea kuula gizani. Aende kituo cha afya apimwe damu. Kwa kidole tu, jambo la dakika chache. Wenye mimba hupewa kliniki vidonge vya madini ya chuma pamoja na foliki asidi, na dawa ya minyoo baada ya miezi mitatu ya mwanzo. Vidonge hivi huchafua tumbo kidogo na kutia choo weusi, na wengi huviacha kwa sababu hiyo. Weusi ule hauna madhara. Na kwa kuwa safura ya wazee wetu aghalabu ililetwa na minyoo iingiayo kwa nyayo, viatu na choo kizuri shambani ni sehemu ya dawa. Twaomba kila mwenye shamba anayeweka kambi ya wachumaji alitazame jambo la choo kabla hajaleta majamvi.

Udongo wenyewe una hatari nyingine: katika nchi mbalimbali udongo unaouzwa kwa kuliwa umekutwa na madini ya risasi, yanayodhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni, nayo hayaonekani kwa jicho wala hayaondoki kwa kuuchoma. Mwenye kushindwa kabisa kukaa bila ya kutafuna, atafune kitu kigumu kisicho na madhara: karanga, bisi, kipande cha nazi kavu, au embe bichi. Tumeambiwa na bibi mmoja kwamba mbegu za ubuyu zilimsaidia, kwa kuwa zina uchachu na unga unga wake. Lakini ale ubuyu wa asili, si ule mwekundu uliopikwa kwa sukari.

Chakula chenye chuma hakiko mbali. Maini na nyama vyakipatia mwili kwa urahisi, samaki na dagaa pia. Mchicha, kisamvu, kunde na choroko vinacho, lakini kinaingia mwilini kwa shida, ila kikifuatana na kitu chenye uchachu kama ndimu, chungwa, pera au embe. Na chai hufanya kinyume chake. Chai inywewayo pamoja na chakula huzuia chuma kisiingie. Yafaa ingoje saa moja au mbili. Mkiutazama upya ule mkusanyiko wa asubuhi chini ya mkarafuu, chai kali na andazi, mtaona kwamba haukosi sukari tu.

Neno dogo juu ya Ramadhani. Mtu anayepita sokoni saa kumi na moja alasiri akiwa na saumu hununua kachori, tambi, visheti, boga na samaki wa watu sita, na nyumbani wako watatu. Uchu wa saa ile hudanganya mizani. Anayeandika orodha asubuhi, baada ya daku, hununua kwa akili. Kufungua kwa tende tatu na maji, kisha kuswali, kisha kukaa kula, ni desturi tuliyoikuta, na kwa mintarafu ya uchu hatuoni iliyo bora zaidi.

Na tahadhari kwa wenye kisukari. Mwenye kutumia sindano ya insulini au baadhi ya vidonge, akishikwa ghafula na njaa kali, jasho na kutetemeka, huo si uchu wa kusubiriwa. Sukari yake imeshuka. Apewe upesi kitu kitamu, kisha ale chakula. Kinyume chake, mtu asiyejijua kuwa ana ugonjwa, akiona kiu haikatiki, haja ndogo nyingi, anakula sana na huku anakonda, asitafute kitulizo cha uchu. Aende akapimwe sukari wiki hiyo hiyo.

Kwa upande wetu, tumeanza nyumbani. Tumekubaliana kwamba siku za mzani, mchumo huu, ofisi itaweka birika mbili za chai ya viungo isiyotiwa sukari, na sukari itawekwa pembeni na kijiko chake, kila mtu ajitilie kwa jicho lake mwenyewe. Mihogo na maji ya kunywa vitakuwepo tangu saa moja asubuhi. Mwanachama mwenye shelisheli zilizokomaa na apendaye kuziuza kwa bei ya kadiri, na amwone karani wetu kabla ya kufungua mizani, kwa kuwa muhogo peke yake watu watauchoka wiki ya pili.